Karatasi za Wataalamu na Kikombe cha Dawa



Mtu apitaye asubuhi katika Hospitali ya Temeke, au katika ile ya Mwananyamala huko Kinondoni, ataona safu ya watu wakingoja mbele ya dirisha. Wengi wao ni vijana wa kiume. Wanawake ni wachache. Kila mmoja zamu yake ikifika hutaja jina lake, hupewa kikombe kidogo chenye maji ya dawa, huyanywa papo hapo mbele ya muuguzi, kisha huenda zake. Kesho atarudi, na keshokutwa pia. Dawa hiyo yaitwa methadoni, na wanaoijia ni watu waliokuwa wakitumia heroini, ambayo mitaani kwetu huitwa unga.

Mama mmoja, jirani yetu, ambaye mwanawe yumo katika safu hiyo, alitujia siku moja baada ya sala ya alasiri akatuuliza: "Wanangu, ninyi mwasoma vitabu. Hebu nambieni. Huyu mwanangu ametolewa katika unga akatiwa katika dawa, na mwaka wa pili huu anakunywa. Nimemwambia aombe apunguziwe upesi, aimalize, tuseme alhamdulillahi amepona. Yeye hataki. Je, ameponywa huyu, au amebadilishiwa ulevi? Na hao waliosema kwamba hii ni dawa, walijuaje?"

Maswali yake yote yalikuwa na maana, lakini lile la mwisho ndilo lililotukalisha kitako. "Walijuaje?" ni swali la mwanachuoni. Wala jibu lake si siri, kwani limo katika makala ambazo wataalamu wa elimu ya ubongo na dawa, iitwayo neurofamakolojia, wamekuwa wakiziandika kwa muda wa miaka 60 hivi. Baadhi ya makala hizo ziliandikwa New York na Aberdeen. Nyingine zimeandikwa kwa habari zilizokusanywa hapa hapa Kinondoni. Lakini karibu zote ni za Kiingereza, tena zimo katika majarida ambayo hayafiki Tandika wala Tandale. Basi leo twapenda kuzifungua mbele ya wasomaji wetu, kila mzazi apate kuona elimu hii ilitoka wapi na yamwambia nini.

Namna wataalamu wanavyopimana

Kwanza hatuna budi kueleza desturi yao. Mtafiti akigundua jambo, huliandika na kulipeleka kwa jarida la elimu yake. Mhariri huwapa wataalamu wengine walisome na kulitia makosa kabla halijachapwa. Likisha chapwa, mtafiti mwingine atakayejenga juu yake sharti ataje jina la yule wa kwanza, na mwaka, na jarida alimoandika. Wasomaji wetu hawatakuta ugeni katika jambo hili, kwani wanajua sanad ni nini: mtu hasemi tu, bali husema amepokea kwa nani, na huyo naye kwa nani.

Kwa njia hiyo wataalamu hupimana. Huhesabu mtu ameandika makala ngapi, na kila makala imetajwa na wengine mara ngapi. Mwaka 2005 mtaalamu wa fizikia aitwaye Jorge Hirsch alitunga kipimo ambacho sasa chatumika katika vyuo vikuu vingi duniani: mtu mwenye makala 20 ambazo kila moja imetajwa mara 20 au zaidi, kipimo chake ni 20, mwenye 50 zilizotajwa mara 50 au zaidi, kipimo chake ni 50. Kwa hesabu za namna hii watu hupandishwa vyeo na hupewa fedha za utafiti.

Sisi hatukidharau kipimo hicho. Lakini wanachuoni wetu wa hadithi hawakuridhika kuhesabu wapokezi tu. Walimtazama kila mpokezi, mwendo wake na ukweli wake. Vivyo hivyo makala yaweza kutajwa mara elfu na isimfae mgonjwa hata mmoja, na nyingine fupi ikatajwa mara chache na ikaokoa watu. Basi tutazipima karatasi hizi kwa kipimo cha yule mama: je, zimefika dirishani pale Temeke, na zimebadili nini katika kikombe?

Kutoka kasumba hadi heroini

Asili ya maradhi haya ni mmea. Utomvu wa mpopi, uitwao afyuni au kasumba, ulijulikana kwa waganga tangu kale. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliueleza katika kitabu chake cha Qanun kuwa ni dawa ya maumivu, na alizijua hatari zake. Mwanzoni mwa karne ya 19 muuza dawa wa Kijerumani, Friedrich Sertürner, alitoa ndani yake kile kilicho na nguvu, akakiita mofini. Mwaka 1874 mkemia mmoja wa London, C. R. Alder Wright, aliigeuza mofini ikawa kitu kingine chenye nguvu zaidi, na mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikakitoa madukani kwa jina la Heroin, kiwe dawa ya kikohozi. Wakati ule wengi walidhani kwamba hakileti uraibu. Miaka michache baadaye dhana hiyo ilibainika kuwa si kweli, lakini watu wengi walikuwa wamekwisha nasa.

Tumeyataja haya kwa sababu yanamfunza kila mtu adabu. Waliosema kwamba heroini haina madhara walikuwa wasomi pia. Kwa hiyo mama akiuliza "walijuaje?" hafanyi ujeuri, neno la msomi halitoshi mpaka lijaribiwe.

Watu watatu wa New York

Katika miaka ya 1960 mji wa New York ulikuwa umejaa heroini kama ambavyo baadhi ya mitaa yetu ilikuja kujaa baadaye. Watumiaji walifungwa jela wakatoka wakarudia. Wakapelekwa hospitali, wakasafishwa miili, wakatoka, wakarudia. Mwaka 1964 watu watatu katika Taasisi ya Rockefeller waliamua kulitazama jambo hilo kama maradhi na si kama utovu wa adabu tu. Wa kwanza alikuwa Vincent Dole, bingwa wa kemia ya mwili. Wa pili alikuwa Marie Nyswander, daktari wa akili aliyewatibu watumiaji wa heroini kwa miaka mingi. Wa tatu alikuwa daktari kijana, Mary Jeanne Kreek, aliyezaliwa mwaka 1937, naye ndiye aliyekaa katika kazi hii muda mrefu kuliko wote, mpaka alipofariki mwaka 2021.

Walichagua methadoni, dawa ya maumivu iliyotengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1965 Dole na Nyswander waliandika makala kuhusu wagonjwa 22 tu. Wagonjwa hao, kwa kunywa methadoni kila siku, waliacha kuhangaikia heroini. Wakaanza kula, kulala, kusoma na kutafuta kazi. Mwaka 1966 watu wote watatu waliandika pamoja makala nyingine, wakaonyesha kwamba mgonjwa aliyetulia katika kiasi cha methadoni kinachomtosha, hata akipewa heroini, haimleweshi kama zamani.

Wagonjwa 22 ni wachache mno, na watu wengi waliwapinga. Palisemwa New York maneno yale yale asemayo jirani yetu leo: mmewatoa shimo hili mkawatia shimo lile. Dole na wenzake hawakujibu kwa matusi, bali kwa karatasi juu ya karatasi. Kreek aliwafuatia wagonjwa kwa miaka, akiwapima maini, moyo na damu, na mwaka 1973 akaeleza matokeo ya waliotumia dawa kwa miaka mitatu na zaidi: hawakuharibiwa viungo, matatizo yaliyoonekana zaidi yalikuwa kama kufunga choo na kutoka jasho jingi. Mwaka 1988 Dole alipewa tuzo ya Lasker, ambayo ni miongoni mwa tuzo kubwa za udaktari huko Marekani. Na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliitia methadoni katika orodha ya dawa muhimu ambazo kila nchi yafaa iwe nazo.

Kufuli na ufunguo

Walipoanza kazi, watatu hao walijua kwamba dawa inafaa, lakini hawakujua sawasawa ndani ya ubongo hutokea nini. Jambo hilo lilianza kufumbuka mwaka 1973, Candace Pert na Solomon Snyder wa chuo cha Johns Hopkins huko Marekani walipoonyesha kwamba katika ubongo mna vipokezi, mfano wa makufuli madogo, ambavyo mofini huviingia kama ufunguo. Mwaka huo huo Eric Simon wa New York na Lars Terenius wa Uppsala, Uswidi, walifika pale pale kila mmoja kwa njia yake.

Watu wakajiuliza: Mwenyezi Mungu hakuumba kufuli hizi kwa ajili ya utomvu wa mpopi, basi funguo zake zenyewe ni zipi? Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz wa Aberdeen, Uskoti, walijibu. Ubongo wenyewe hutengeneza vitu vinavyotuliza maumivu na kumpa mtu raha ya kadiri, na hivyo ndivyo viingiavyo katika kufuli zile.

Sasa na tuyaeleze yanayomfika kijana. Heroini huingia katika ubongo kwa kasi, hugeuka mofini, huzijaza kufuli zote kwa ghafla, kisha baada ya saa chache hutoka. Ikirudiwa siku nyingi, ubongo huizoea, ukawa haufanyi kazi bila ya hiyo. Ikikosekana, mwili huasi: mifupa huuma, tumbo huharisha, makamasi na machozi hutoka, usingizi hupotea. Hiyo ndiyo arosto waijuayo vijana wetu, na kwa ajili ya kuikimbia arosto mtoto mwema huiba sufuria ya mama yake.

Methadoni huingia katika kufuli zile zile, lakini haina haraka. Ikinywewa huingia polepole na hukaa siku nzima na zaidi. Aliyezoea kiasi chake halewi wala hapati arosto. Hupata utulivu, na katika utulivu huo aweza kufanya kazi, kusali na kulea watoto. Hiyo ndiyo tofauti kati ya vitu viwili ambavyo kwa mtu wa nje vyaonekana ni ndugu. Udugu upo, hatuukanushi. Lakini mmoja humtupa mtu huku na huku mara kadhaa kwa siku, na mwingine humkalisha.

Karatasi fupi ya mwaka 1976

Katika mamia ya makala aliyoandika Mary Jeanne Kreek, twachagua moja ambayo wazazi wa Temeke wangependa kuijua. Mwaka 1976 yeye na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa wa methadoni walioanza kutibiwa kifua kikuu kwa dawa iitwayo rifampisini. Ghafla wagonjwa hao walishikwa na arosto, ingawa kiasi chao cha methadoni hakikubadilishwa. Kisa chake ni kwamba rifampisini hulichochea ini liivunje methadoni upesi, ikawa haifiki kesho yake.

Hebu fikirini jambo hilo katika mitaa yetu, ambako kifua kikuu ni maradhi ya kila siku, na ambako watafiti waliowapima wagonjwa wa methadoni hapa Dar es Salaam waliukuta ugonjwa huo kwao kwa wingi kupita kiasi cha watu wengine. Kijana ameanza dawa za kifua, mara anatetemeka na kutapika, na nyumbani wanamwambia, "Umerudia unga, wewe!" Kumbe hakurudia, dawa moja imeila nyingine, na kinachotakiwa ni daktari kumwongezea kiasi. Baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI, kama vile efavirenzi na nevirapini, hufanya mambo kama hayo. Karatasi hiyo iliandikwa New York kabla wazazi wengi wa leo hawajazaliwa, lakini muuguzi aijuaye humkinga kijana asidhulumiwe katika nyumba ya baba yake.

Watafiti katika vijiwe vya Kinondoni

Sasa tunarudi nyumbani. Heroini iliingia pwani yetu kwa wingi tangu miaka ya 1980 na 1990, kwanza ikivutwa, kisha ikidungwa. Wakati watu wengi walikuwa wakisema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya, katika chuo cha udaktari cha Muhimbili walikuwako waliokataa kufumba macho. Miongoni mwao ni Profesa Gad Kilonzo, daktari wa maradhi ya akili, na Profesa Melkizedeck Leshabari, mtaalamu wa mienendo ya watu. Walishirikiana na Sheryl McCurdy, Mark Williams na Michael Ross wa Chuo Kikuu cha Texas.

Mwaka 2005 walichapisha makala iliyotokana na mazungumzo na watu 51 waliokuwa wakijidunga, wanaume kwa wanawake, katika mitaa minane ya Kinondoni. Walieleza jinsi kijana anavyoanzia kijiweni, akaingia katika geto, akafundishwa kuvuta, kisha kujidunga. Maneno hayo yetu, maskani na mageto, yakaingia katika jarida la Kiingereza kama yalivyo, kwa kuwa Waingereza hawakuwa na neno la kutosha mahali pake.

Mwaka huo huo waliutangazia ulimwengu jambo la kuhuzunisha. Baadhi ya wanawake maskini waliokosa fedha ya unga walikuwa wakijidunga damu iliyovutwa kwa mwenzao aliyekwisha jidunga, wakidhani kwamba ndani yake imebaki nguvu ya kuwaondolea arosto. Mwenye kutoa alidhani anafanya huruma. Kumbe hakuna njia nyepesi kuliko hiyo ya kupeleka virusi vya UKIMWI kutoka mwili hadi mwili. Na watafiti hao walipowapima mamia ya watu wanaojidunga katika mji huu, walikuta yapata asilimia 42 wana virusi, na wanawake walikuwa wameathirika zaidi kuliko wanaume. Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 2009.

Twaomba msomaji asiipite hesabu hii upesi. Kabla yake mtu aliweza kusema, "Hao mateja ni wachache, na wajifie." Baada yake hakuna mkuu wa afya aliyeweza kusema hivyo kwa haki, kwani mateja hao wana wake, waume na watoto. Tena jawabu lilikuwako tayari: huko New York Kreek na wenzake walipopima damu waliyokuwa wameihifadhi, walitambua kwamba virusi viliingia kwa wanaojidunga kiasi cha mwaka 1978, na kwamba waliokuwa wamekwisha tulia katika methadoni kabla ya hapo waliambukizwa wachache sana kuliko waliobaki mitaani. Karatasi ya Kinondoni na karatasi ya New York zikakutana.

Dirisha linafunguliwa

Mwezi wa Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni. Kisiwa cha Mauritius kilikuwa kimetangulia mwaka 2006, lakini katika bara la Afrika kusini ya Sahara hii ndiyo iliyokuwa ya kwanza ya umma. Dakta Jessie Mbwambo, bingwa wa maradhi ya akili, alikuwa miongoni mwa walioisimamia, naye pamoja na wenzake wameandika mengi kuhusu yaliyopatikana humo. Mwaka 2012 dirisha la pili lilifunguliwa Mwananyamala, na mwaka 2014 la tatu Temeke, ili mtu wa Mbagala au wa Tandale asilazimike kwenda Upanga kila siku ya Mungu. Kenya ilianza mwishoni mwa mwaka 2014, na Zanzibar mwaka 2015.

Sasa twaja kwenye karatasi inayomhusu jirani yetu hasa. Mwaka 2014 Barrot Lambdin, akiwa pamoja na Dakta Mbwambo na wengine, alichapisha habari za watu 629 walioingia kliniki ya Muhimbili tangu ilipofunguliwa. Baada ya miezi 12, asilimia 57 walikuwa bado wanaendelea na dawa. Watafiti hawakuwaficha waliopotea, walitafuta sababu. Walikuta kwamba wanawake, wakisha ingia, huvumilia kuliko wanaume. Walikuta kwamba waliopata kuingiliwa kwa nguvu katika maisha yao walikuwa wepesi zaidi kuacha, yaani jeraha la moyoni huvuta mtu kurudi nyuma.

Na walikuta jambo la tatu. Waliopewa kiasi kidogo, chini ya miligramu 40 kwa siku, ndio walioacha zaidi. Waliopewa zaidi ya miligramu 85, hatari yao ya kuacha ilikuwa chini ya nusu ya hao. Wazazi wengi hudhani kwamba kiasi kidogo ni dalili ya kupona na kiasi kikubwa ni dalili ya ulevi. Watu wa mji huu huu, waliohesabiwa mmoja mmoja, walionyesha kinyume chake: kiasi kisichotosha ndicho kilichowarudisha wengi kijiweni.

Jibu letu kwa jirani

Tulimjibu hivi. Mama, mwanao hakubadilishiwa ulevi. Mlevi ni yule ambaye kitu chamwondolea akili na chamwangamiza yeye na nyumba yake. Mwanao anakunywa dawa kwa kipimo cha daktari, hapotezi akili, anarudi nyumbani na nauli iliyobaki mfukoni. Ni kama mwenye kisukari na sindano yake: hatumwambii aiache kwa kuwa ametumia mwaka wa pili.

Ama hilo la kuimaliza upesi, lina hatari ambayo mama yeyote angeiogopa. Mwaka 2017 lilichapishwa fungu la hesabu zilizokusanywa katika nchi mbalimbali, za watu zaidi ya 122,000 waliotibiwa kwa methadoni. Katika kila watu 1,000, kwa mwaka mmoja, walikufa yapata 11 miongoni mwa waliokuwa katika dawa. Lakini miongoni mwa waliokuwa wameiacha walikufa yapata 36. Sababu moja ni kwamba aliyeacha mwili wake umekwisha kuisahau heroini, na akiirudia kwa kiasi chake cha zamani, pumzi hukatika. Wako wanaopunguziwa polepole wakaacha salama, lakini hilo hupangwa na mgonjwa pamoja na daktari wake, kwa miezi na miaka, wala haliamuliwi kwa aibu ya majirani.

Hatukumficha pia yale yasiyopendeza. Methadoni ni dawa kali. Mtu asiyeizoea, na mtoto mdogo zaidi, aweza kufa kwa kiasi ambacho mgonjwa hunywa kila siku. Ndiyo maana yanywewa mbele ya muuguzi. Ikichanganywa na pombe au vidonge vya usingizi huleta hatari ya kukata pumzi. Kiasi kikubwa chaweza kuubadili mwendo wa moyo, na daktari huuangalia. Wala dawa haimpi mtu kazi, haimrudishii mke aliyeondoka, wala haimfutii jina la teja. Hayo ni kazi yetu sisi.

Yatupasayo majumbani

Basi, enyi wazazi na vijana, katika karatasi hizi zote twachuma mambo machache ya kutenda.

Kwanza, nauli. Dawa inywewayo kila siku yataka safari ya kila siku, na wengi huacha si kwa kutaka bali kwa kukosa njia. Anayempa kijana nauli ya kwenda dirishani asidhani ametoa sadaka ndogo.

Pili, mgonjwa anapoanza dawa za kifua kikuu au za virusi, aieleze kliniki ya methadoni siku hiyo hiyo. Na akionekana ana arosto, asishutumiwe kabla hajaonwa na daktari.

Tatu, mwezi wa Ramadhani. Ikiwa dirisha hufunguliwa mchana, mgonjwa asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe ili afunge. Na aende kwa daktari na kwa shehe, awaeleze hali yake yote, kwani dini yetu imemwekea mgonjwa nafasi yake.

Nne, binti na dada zetu. Karatasi zimesema kwamba wao ndio walioumia zaidi na ndio wanaovumilia zaidi wakisha ingia katika matibabu. Lakini katika safu ni wachache, kwa sababu huwaonea haya watu. Nyumba inayomtafuta mwana na kumfungia mlango binti, kwa kosa lile lile, haikutenda uadilifu.

Na tano twawaambia vijana wetu walioko masomoni. Kazi ya Profesa Kilonzo na wenzake haikuanza kwa mashine za thamani. Ilianza kwa kuketi na watu ambao hakuna aliyetaka kuketi nao, na kuandika kwa uaminifu waliyoyasikia. Bado hatujui mengi: ni nani hasa atakayeweza kuacha salama, na ni nini kimsaidiacho aliyeumizwa utotoni asirudi nyuma. Maswali hayo yanangoja watoto wa Temeke na Kinondoni watakaosoma kemia na udaktari, na wakisha kuandika kwa Kiingereza ili ulimwengu uwataje, wakumbuke kuandika kwa Kiswahili ili mama zao wasome.

Jirani yetu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza tena, "Huyo bibi wa New York aliyewapima watu miaka yote hiyo, yu hai?" Tukamwambia alifariki mwaka 2021. Akanyamaza kidogo, akasema, "Alifanya kazi." Asubuhi ya pili tulimwona barazani kwake akimhesabia mwanawe nauli ya kwenda na kurudi, wala hakumwambia neno la kupunguza.

Wabillahi tawfiq.